Eksirei Ni Safi, Kifundo Bado Kinauma: Mwongozo Kamili wa Ligamenti ya Skafoidi na Lunati

Pikipiki inapoteleza kwenye murami uliolowa, abiria hunyoosha mkono kabla hajafikiri lolote. Uzito wote wa mwili unatua kwenye kiganja, kifundo kikiwa kimepindishwa kwenda nyuma. Kesho yake anafika hospitalini, anapigwa eksirei, anaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, anapewa dawa za maumivu na bandeji. Miezi mitatu baadaye bado hawezi kukama ng'ombe, kukamua nguo wala kujiinua kitini kwa mkono ule. Kati ya watu wa namna hii wapo waliochanika ligamenti, yaani ukanda mgumu wa nyuzi, inayofunga mfupa wa skafoidi na mfupa wa lunati, miwili kati ya mifupa midogo ya kifundo cha mkono. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu kwa sababu haikupigwa kwa namna ya kukionyesha.

Mwongozo huu ni wa aina mbili za wasomaji: aliyeumia na anayetaka kuelewa anachoambiwa, na mhudumu wa afya anayeanza kazi katika kituo cha Nakuru, Vihiga, Siaya au Busia nchini Kenya, ambako daktari bingwa wa mkono hapatikani kila siku. Jambo ninalosisitiza tangu sasa ni kwamba ligamenti yenyewe haionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni namna mifupa inavyokaa ikishakosa kushikwa. Kwa hiyo mkao wa mkono wakati wa kupiga picha, pamoja na maneno yaliyoandikwa kwenye fomu ya ombi, yana uzito kuliko bei ya mashine.

Hatua ya kwanza: jua kilichomo ndani ya kifundo

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8 iliyopangwa katika safu 2. Safu iliyo karibu na kigasha ina skafoidi, lunati, triketramu na pisifomu. Safu ya mbele yake ina trapeziamu, trapezoidi, kapiteti na hameti. Skafoidi iko upande wa kidole gumba, lunati iko katikati, triketramu iko upande wa kidole cha mwisho. Nyuma yao kuna mifupa miwili mirefu ya kigasha, radiasi upande wa kidole gumba na alna upande wa kidole cha mwisho.

Kuna jambo kuhusu skafoidi, lunati na triketramu ambalo ukilielewa, mengine yote yanafunguka: hakuna kano ya msuli inayojishikiza kwenye mfupa wowote kati ya hiyo mitatu. Haina msuli wa kuiamrisha. Inasukumwa na mifupa jirani na kuzuiliwa na ligamenti peke yake. Mkono unapobeba uzito, skafoidi hutaka kuinamia upande wa kiganja, na triketramu hutaka kuelekea upande wa mgongo wa mkono. Lunati iko kati yao kama mtoto aliyeshikwa mikono na watu wawili wanaovutana. Maadamu ligamenti za pande zote mbili ni nzima, mivutano hiyo inasawazishana na lunati inatulia. Ligamenti ya upande wa skafoidi ikikatika, skafoidi inainama peke yake, na lunati inabaki mikononi mwa triketramu, inageukia nyuma. Mgeuko huo ndio tutakaoutafuta kwenye picha ya ubavu.

Ukiitazama kwa ubavu, ligamenti ya skafoidi na lunati ina umbo la herufi C, uwazi wake ukielekea vidole. Ina sehemu 3 zisizofanana. Sehemu ya mgongo wa mkono ndiyo nene, milimita 2 hadi 3, na nyuzi zake zinapita moja kwa moja kutoka mfupa hadi mfupa. Sehemu ya kiganja ni nyembamba, kama milimita 1, na nyuzi zake zimelala mshazari. Sehemu ya kati, iliyogusana na radiasi, ni utando wa gegedu na nyuzi, hauna mishipa ya damu ya maana. Vipimo vya maabara vilivyotolewa mwaka 1999 na Richard Berger na wenzake wa Marekani vilionyesha kuwa sehemu ya mgongo ilihimili wastani wa nyutoni (kipimo cha nguvu) 260 kabla ya kukatika, ya kiganja 118, na ya kati 63. Ndiyo maana tobo dogo katika utando wa kati si habari kubwa. Wengi waliovuka miaka 50 wanalo na hawajawahi kuumwa. Sehemu ya mgongo ndiyo ya kuulizia.

Tafuta mahali pake kwenye mkono wako mwenyewe sasa hivi. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini. Kwa kidole cha shahada cha mkono mwingine, papasa mgongo wa radiasi karibu na kifundo hadi uguse kinundu kidogo cha mfupa kilichojitokeza. Hicho huitwa kinundu cha Lister. Kutoka hapo sogea takriban sentimita 1 kuelekea vidole, ukifuata mstari wa kidole cha kati. Inamisha kifundo kidogo. Kidole chako kitatumbukia kwenye bonde laini. Chini ya bonde hilo ndipo skafoidi na lunati zinapokutana. Mgonjwa akiruka unapobonyeza hapo na haruki unapobonyeza mkono wa pili, umeshapata nusu ya jibu bila umeme.

Hatua ya pili: elewa kwa nini picha ya kwanza huwa safi

Ligamenti hii haifanyi kazi peke yake. Kuna nyingine zinazoisaidia kuishika skafoidi: zile za upande wa kiganja zinazotoka kwenye radiasi hadi skafoidi na kapiteti, zile za mbele kati ya skafoidi na trapeziamu, na ile ya mgongoni inayotoka triketramu ikipita juu ya mifupa. Siku ya ajali, ligamenti kuu inaweza kukatika kabisa huku wasaidizi wakiwa bado imara. Mkono ukilazwa mezani umelegea, mifupa inakaa mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wasaidizi hao hulegea polepole, kwa miezi, kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi. Ndipo mwanya unapoanza kuonekana hata kwenye picha ya kawaida, na wakati huo nafasi ya kuishona ligamenti imeshapita.

Hivyo madaktari hugawa hali hii kwa viwango. Kuna legevu inayoonekana kwa MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) au kwa kamera ya ndani ya kiungo tu. Kuna inayoonekana kwenye eksirei mkono ukitiwa nguvu. Halafu kuna inayoonekana hata mkono ukiwa umepumzika. Kazi yetu ni kuinasa kabla haijafika hiyo ya mwisho.

Hatua ya tatu: pima kwa mikono kabla ya kuagiza picha

Uliza kwanza jinsi ilivyotokea. Kuanguka juu ya kiganja kilichonyooshwa ndiyo sababu kuu, iwe ni pikipiki, ngazi, au mchezaji wa raga aliyeangushwa uwanjani Nakuru au Kakamega. Uliza kama kifundo kina mlio wa "tap" anaposukuma kitu, kama mshiko umepungua nguvu, na kama maumivu yako nyuma katikati ya kifundo. Maumivu ya upande wa kidole cha mwisho yana mambo yake mengine.

Kisha kuna mambo mawili ya dharura ya kuondoa njiani. La kwanza: bonyeza kishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa nyuma. Kikiuma, chukulia kwamba skafoidi imevunjika hata kama eksirei haionyeshi. Mfunge plasta au gango, na umrudishe kwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. La pili: kifundo kilichovimba sana, vidole haviwezi kunyooka, na ganzi kwenye gumba, shahada na kidole cha kati. Hapo lunati au mifupa inayoizunguka inaweza kuwa imeteguka na kubana neva. Huyo hasubiri kliniki ya wiki ijayo. Anahitaji daktari wa mifupa siku hiyo hiyo.

Kama hakuna mojawapo ya hayo na uvimbe umepungua, fanya kipimo cha Watson. Keti mkabala na mgonjwa kana kwamba mnataka kushindana mieleka ya mikono, kiwiko chake kikiwa mezani. Weka gumba lako upande wa kiganja, juu ya nundu ya skafoidi iliyo chini kidogo ya shina la kidole gumba chake, na vidole vyako nyuma ya radiasi. Anza na mkono wake ukiwa umeinama upande wa kidole cha mwisho. Huku ukibonyeza kwa uthabiti, uhamishe taratibu upande wa gumba na kuuinamisha kidogo. Kwenye kifundo kizima, gumba lako litasukumwa na skafoidi inayoinama. Kwenye ligamenti iliyokatika, skafoidi hukwepa na kupanda juu ya ukingo wa radiasi upande wa nyuma. Ukiachia, inarudi kwa mshindo na mgonjwa anakunja uso. Fanya mikono yote miwili. Wapo watu wenye viungo laini ambao kipimo hiki hulia kwao pande zote mbili bila maumivu, na hawana ugonjwa wowote. Mlio wenye maumivu, wa upande mmoja tu, ndio wenye maana.

Hatua ya nne: andika fomu inayosema kitu

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, wagonjwa wengi wanapopotezewa muda. Fomu inaandikwa "eksirei ya kifundo", basi. Mpiga picha aliye na foleni ya watu hadi mlangoni atapiga mbili za kawaida, naye atakuwa ametekeleza alichoombwa. Andika hivi, kwa lugha yoyote mnayoitumia kazini:

"Alianguka kwenye pikipiki wiki 2 zilizopita. Mkono wa kulia, ndio wa kazi. Maumivu nyuma ya kifundo, sentimita 1 mbele ya kinundu cha Lister. Kipimo cha Watson kina mshindo na maumivu kulia tu. Nashuku ligamenti ya skafoidi na lunati. Naomba picha ya kiganja chini, ya ubavu halisi, ya skafoidi, na ya ngumi kwa mikono yote miwili."

Mistari michache hiyo inamwambia mpiga picha afanye nini na inamwambia msomaji wa picha atazame wapi. Wewe mgonjwa, ukiwa unasoma hili, una haki ya kumwuliza kwa adabu anayekujazia fomu: "Daktari, je, picha ya kukunja ngumi inaweza kuongezwa?" Hakuna atakayeudhika.

Hatua ya tano: piga eksirei kwa mikao sahihi

Vua pete, saa na bangili. Mwanamke aliye na mimba au anayedhani anayo aseme kabla, ingawa mionzi ya picha ya kifundo ni midogo mno, takriban milisiveti (kipimo cha mionzi) 0.001, ikilinganishwa na wastani wa 2.4 ambayo binadamu hupata kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula.

Picha ya kiganja chini: mgonjwa aketi kando ya meza, bega na kiwiko vikiwa kwenye kimo kimoja, kiwiko kimekunjwa pembe mraba, kiganja kimelala bapa. Mfupa wa kidole cha kati uwe kwenye mstari mmoja na radiasi. Mkono ukilala upande, mwanya kati ya mifupa unaweza kuonekana mpana au mwembamba kuliko ulivyo, na mtu akatibiwa mkao badala ya ugonjwa.

Picha ya ubavu ndiyo inayoharibiwa mara nyingi zaidi. Ubavu halisi una alama yake ya kuutambua: ukingo wa mbele wa pisifomu unapaswa kuangukia kati ya ukingo wa mbele wa skafoidi na ule wa kapiteti. Usipoona hivyo, mkono umezunguka, na pembe yoyote utakayoipima haina thamani. Rudia picha.

Picha ya skafoidi hupigwa kiganja kikiwa chini na mkono umeinamishwa upande wa kidole cha mwisho. Inaonyesha skafoidi kwa urefu wake na kusaidia kuona ufa.

Halafu ngumi. Mtu anapokaza ngumi, misuli ya kigasha huvuta kapiteti kuelekea kwenye radiasi, na kichwa cha kapiteti hujisukuma kati ya skafoidi na lunati. Ligamenti nzima huvumilia. Iliyokatika huachia, na mwanya hufunguka mbele ya macho yako. Namna ninayoipenda ni ya kalamu: mikono yote miwili juu ya sahani moja ya picha, viganja vikitazama chini, mgonjwa ameshika kalamu moja kwa mikono yote. Mwambie waziwazi: "Mzee, ibane kalamu kwa nguvu zako zote, usiachie mpaka niseme." Wengi hubana kwa woga kwa sababu inauma, mpe dakika chache, mweleze kwamba mbano wa kweli wa sekunde tatu unaweza kumwepushia safari ya mji mwingine, kisha upige. Tazama vifundo vya vidole: vikiwa vimekazana, kabana, vikiwa vimelegea, picha itakudanganya. Uzuri wa kuweka mikono yote kwenye picha moja ni kwamba mkono mzima unakuwa kipimo cha mkono mgonjwa, kwa ukuzaji uleule na mionzi ileile.

Mkao huu unawezekana kwenye chumba chochote chenye mashine ya eksirei, hata ile ya zamani ya filamu. Kwenye hospitali zilizo na mashine za kidijitali, zikiwemo zilizoletwa kaunti na mpango wa serikali wa kukodisha vifaa ulioanza mwaka 2015, kuna faida ya ziada ya kukuza picha na kupima kwenye skrini.

Hatua ya sita: soma picha kwa utaratibu

Usikimbilie mwanya. Anza na mistari 3 ya Gilula, ambayo daktari wa picha Louis Gilula aliieleza mwaka 1979. Wa kwanza unafuata migongo ya skafoidi, lunati na triketramu upande wa radiasi. Wa pili unafuata mabonde ya mifupa hiyohiyo upande wa vidole. Wa tatu unafuata vichwa vya kapiteti na hameti. Kila mmoja unapaswa kupinda taratibu bila kuvunjika. Palipo na ngazi, pana tatizo. Lunati ikionekana kama pembetatu badala ya pande nne, geukia picha ya ubavu mara moja, maana huenda imeteguka.

Sasa pima mwanya kati ya skafoidi na lunati, katikati ya urefu wa kiungo, kutoka ukingo mweupe hadi ukingo mweupe. Milimita 2 au chini yake ni kawaida. Ukifika 3, shuku na ulinganishe na mkono wa pili. Ukizidi 4, ni vigumu kutafuta maelezo mengine. Mwanya mpana huitwa alama ya Terry Thomas, mchekeshaji wa Uingereza aliyejulikana kwa mwanya wa meno yake ya mbele. Kuna watu waliozaliwa na mwanya mpana kwenye mikono yote miwili. Ndiyo sababu nyingine ya kuipenda picha ya kalamu.

Tafuta pia alama ya pete: skafoidi iliyoinama hutazamwa kwa ncha, na nundu yake ya mbele hujichora kama duara.

Kwenye ubavu, radiasi, lunati, kapiteti na mfupa wa kidole cha kati vinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja unaokaribia kunyooka. Chora mstari unaogusa kingo mbili za mbele za skafoidi. Chora mwingine unaounganisha pembe mbili za lunati, kisha wa tatu unaoukata huo kwa pembe mraba. Huo ndio mhimili wa lunati. Pembe kati ya skafoidi na mhimili huo huwa nyuzi 30 hadi 60 kwa mtu mzima mwenye afya. Ikipita 70, na lunati ikitazama upande wa mgongo wa mkono, ule mgeuko tuliouzungumzia mwanzo umeshatokea. Madaktari Linscheid na Dobyns waliueleza mwaka 1972, na hadi leo ndio unaoamua matibabu mengi.

Kuna makosa mawili ya wasomaji wapya. La kwanza ni kuona radiasi iliyovunjika na kuacha kutazama. Mtu aliyevunja mwisho wa radiasi, hasa ufa ulioingia ndani ya kiungo, anaweza kuwa amechana ligamenti hii pia, na plasta huificha kwa wiki sita. Fuata mistari ya Gilula kabla na baada ya kunyoosha mfupa. La pili ni kudhani kila mwanya ni ajali. Kwa mzee, fuwele za chumvi zinazojikusanya viungoni, ikiwemo gauti, zinaweza kuila ligamenti bila kuanguka kokote. Tafuta vidoa vyeupe vya chokaa kwenye gegedu.

Hatua ya saba: ukihitaji zaidi ya eksirei

Altrasaundi inapatikana karibu na watu wengi. Kwa bahati, sehemu muhimu ya ligamenti iko mgongoni mwa mkono, milimita chache tu chini ya ngozi. Kipimio bapa cha megahezi 12 au zaidi kikiwekwa kwa upana mbele ya kinundu cha Lister, huonyesha vilele viwili vya mifupa na kati yake ukanda mng'avu wenye nyuzi. Mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi, mwanya huonekana ukifunguka au ukitulia. Altrasaundi pia huonyesha uvimbe wa maji wa mgongo wa kifundo, ambao mara nyingi shina lake liko kwenye ligamenti hii. Udhaifu wake ni kwamba jibu linategemea mikono ya anayepima, na sehemu ya kiganja huonekana kwa shida. Altrasaundi safi haifuti shaka yenye ushahidi.

MRI huonyesha ligamenti yenyewe, pamoja na uvimbe ndani ya mfupa na ufa wa skafoidi uliojificha. Mashine ziko katika miji kama Kisumu, Eldoret na Nakuru. Kabla ya kupanda matatu, piga simu uulize mambo matatu: je, wana koili (kifaa kinachozunguka kiungo na kunasa ishara za picha) ya kifundo cha mkono? Je, watapiga vipande vya milimita 2 au vyembamba zaidi? Je, SHA, bima ya afya ya serikali, italipa, na inahitaji idhini ya mapema? MRI ya kifundo iliyopigwa kwa koili kubwa isiyofaa inaweza kukugharimu pesa na kukurudishia ripoti isiyosema lolote. Kwenye usomaji, vipande vinavyokata mkono kwa upana ndivyo vinavyoonyesha vizuri sehemu ya mgongo na ya kiganja. Vinavyoutazama mkono kwa mbele huonyesha utando wa kati, wenye umbo la pembetatu. Rangi yake ya kijivu isikushtue.

Na onyo ambalo ni la hapa kwetu kabisa. Fundi wa jua kali anayechomelea au kusaga chuma, awe wa Kisumu au wa Nakuru, anaweza kuwa na chembe ya chuma jichoni bila kujua. Sumaku ya MRI inaweza kuisogeza na kumpofusha. Aseme kazi yake kabla ya kuingia, na apigwe eksirei ya macho kwanza. Vilevile mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme.

Ikiwa MRI haijaamua, dawa ya rangi hudungwa ndani ya kiungo kisha siti skani au MRI ikapigwa. Rangi ikivuja kutoka kiungo cha radiasi hadi safu ya mbele kupitia kati ya skafoidi na lunati, pana tobo. Uliza imevujia wapi, mgongoni au kwenye utando wa kati, maana tumeona havina uzito sawa. Mwenye mzio wa dawa za rangi au ugonjwa wa figo aseme mapema. Kipimo cha mwisho ni kamera inayoingizwa ndani ya kiungo na daktari bingwa. Humo ligamenti hupewa daraja 1 hadi 4 kwa mpangilio ambao daktari William Geissler aliutoa mwaka 1996.

Hatua ya nane: cheza na muda

Ligamenti iliyokatika ina ncha mbili zinazoweza kushonwa zikiwa mbichi. Kwa kawaida wiki 6 za mwanzo ndizo bora. Baadaye ncha hunywea, na daktari hulazimika kutengeneza ligamenti mpya kwa kano ya mgonjwa mwenyewe, upasuaji mgumu zaidi wenye matokeo yasiyotabirika. Mchaniko mdogo usio na mwanya unaweza kupona kwa gango na mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa hiyo aliyeumia leo, ambaye unamshuku, afungwe gango, apewe rufaa, na aonekane na daktari wa mifupa ndani ya wiki mbili. Rufaa inaweza kwenda hospitali ya kaunti ya Nakuru au Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu ambayo wengi bado wanaiita Russia, au Moi Eldoret.

Jambo moja linaniuma. Magharibi mwa nchi, mtu akiumia kifundo hupelekwa kwanza kukandwa na kuvutwa. Wakandaji wanaaminiwa na familia nzima, na si kwa ubaya. Lakini kuvuta na kukunja kifundo chenye ligamenti iliyokatika huwalegeza wale wasaidizi waliobaki, na hula wiki zile sita. Mwambie mama au nyanya anayesisitiza, kwa heshima: "Mama, tukande baadaye, tupige picha kwanza."

Ikiachwa, skafoidi iliyoinama husugua radiasi mahali pasipo pake. Madaktari Watson na Ballet walieleza mwaka 1984 jinsi uharibifu huo unavyoendelea: gegedu huisha kwanza kwenye ncha ya radiasi upande wa gumba, kisha kiungo chote cha radiasi na skafoidi, kisha kati ya kapiteti na lunati. Kiungo cha radiasi na lunati kwa kawaida hubaki kizima, na ndicho madaktari hukitegemea wanapookoa mkono wa aina hiyo. Huchukua miaka, na si kila mtu hufikia hapo.

Kwa ufuatiliaji, weka filamu zote kwenye bahasha moja kubwa, au omba picha kwenye CD. Picha ya simu iliyopigwa filamu ikiwa dirishani na kutumwa kwa WhatsApp inafaa kuomba ushauri wa haraka, lakini milimita haipimiki humo. Andika nyuma ya bahasha tarehe ya kuumia, mkono gani, na upana wa mwanya kila ulipopimwa. Kila unaporudi kliniki, omba mikao ileile, ikiwemo ya kalamu, ili daktari alinganishe mbano na mbano, na ubavu halisi na ubavu halisi.